Rivolva za mfukoni kama bunduki ya akiba: zinalenga, au ni pambo tu?

Mtu_wa_Ngala

Salaam aleikum wanajukwaa, hasa mlio Malindi, Watamu na Lamu. Swali langu ni kwa wenye leseni na wanaozijua silaha. Asiyehusika anakaribishwa kusoma, ila tafadhali tusiugeuze uzi kuwa soko.

Nina bastola ya magazini, Ceska ya milimita 9, makaratasi yake yako sawa. Taabu yangu ni nguo. Nauza vipuri vya mashine za boti, kutwa niko baina ya duka na ufukweni, nimevaa shati jepesi na kaptula, siku nyingine kikoi. Ceska ni karibu kilo nzima ya chuma. Ukiivaa kiunoni kwa joto hili la kaskazi inakuchubua, na shati likishalowa jasho kila mtu sokoni anajua umebeba nini. Matokeo yake mara nyingi inalala kwenye sefu na mimi natembea mikono mitupu.

Nimekuwa nikizitazama zile rivolva (bastola za silinda inayozunguka) ndogo kabisa za North American Arms, zinazotengenezwa Provo, Utah, huko Marekani. Za kaliba .22 (upana wa risasi kwa inchi), risasi tano, mtutu wa inchi moja na kitu, gramu kama 130. Fikira yangu ni kuomba moja iwe ya akiba. Ceska ikikwama, au nikinyang'anywa, ninayo nyingine. Na siku ambazo Ceska iko nyumbani, angalau sitoki mtupu.

Maswali ni mawili. Inapiga pale ulipolenga? Na ikishapiga, inafaa kitu?

Pweza_Kavu

Gramu 130! Ami, ukimtolea jambazi hiyo atajua unataka kumwashia sigara.

Kaskazi_Mwanana

Cheka tu. Mimi namuunga mkono mwenye uzi. Bastola uliyonayo mfukoni inaishinda iliyo kwenye sefu, hilo halina mjadala. Na hakuna mtu anayependa kupigwa risasi, iwe ya .22 au ya mzinga. Wengi wakiiona tu wanatoka mbio.

Hesabu_Tupu

Mtu wa Ngala, watu hukoroga mambo mawili hapa. Kuna ulengaji wa chombo na kuna ulengaji wa mkono. Ifunge ile rivolva kwenye jiliwa uifyatue bila kuishika, utaona risasi zinakaa karibu karibu vizuri tu. Mtutu mfupi haupotoshi risasi. Mifereji ya kuizungusha iko ndani, na risasi inatoka ikizunguka kama kwenye bunduki yoyote. Kinachokosekana ni mahali pa kulengea na mahali pa kushika.

Tufanye hesabu. Kwenye Ceska, kutoka ncha ya mbele ya kulengea hadi mwanya wa nyuma ni kama sentimita 16. Ukikosea milimita moja tu katika kuzilinganisha hizo mbili, kwa shabaha iliyo mita 7 risasi inakwenda kando kama sentimita 4 na nusu. Rivolva ya .38 ya mtutu mfupi ina sentimita 9 hivi. Kosa lile lile la milimita moja linakupeleka karibu sentimita 8. Sasa hiyo yako ya mfukoni, tuipe sentimita 6 kwa ukarimu: unakosa kwa sentimita 12 karibu. Na hapo nimekuhesabia kana kwamba kuna mwanya wa nyuma wa maana. Nyingi za zile ndogo zina kincha cha mbele tu, nyuma unakisia.

Halafu mkono. Kile kitako kinashikwa kwa vidole viwili, cha tatu kinaning'inia. Triga haina kikingio, ni kijipande kinachochomoza chini. Kila risasi lazima uivute nyundo nyuma kwa kidole gumba kwanza, nayo nyundo yenyewe ni ndogo, na kidole chako kina jasho. Mtu akiwa ametulia kwenye uwanja wa shabaha anaweza. Moyo ukienda mbio vidole vinakuwa vizito, na kazi ndogo ndogo za vidole ndizo za kwanza kuharibika.

Jingine ambalo wauzaji hawalisemi sana: risasi ya .22 imeundwa iende na mtutu mrefu, baruti ipate muda wa kuungua. Kwenye bunduki ndefu inatoka na kasi ya mita 350 na zaidi kwa sekunde. Kwenye mtutu wa inchi moja na kidogo inapoteza sehemu kubwa ya kasi hiyo, na nguvu ikipimwa inabaki chini ya nusu. Ukikimbilia .22 Magnum, ile yenye baruti nyingi zaidi, ndipo vichekesho: kasi inapungua karibu nusu, na ile baruti isiyoungua inamalizikia nje. Unapata moto mkubwa na mlio wa kuziba masikio, ila huko mbele hakuna nguvu ya kulingana na hizo kelele.

Kwa hiyo jibu la swali la kwanza: mita 2 au 3, kwenye kifua cha mtu, ndiyo. Mita 7, kwa mwenye mazoezi. Zaidi ya hapo omba dua.

Pweza_Kavu

Mwalimu ametoa ubao. Tukae.

MzeeSabaki

Vijana, mimi nilistaafu utumishi, sasa nalima mikorosho na kusoma ugomvi wenu. Hesabu ni nzuri lakini niruhusuni nianze na kazi. Bunduki ya akiba ni ya nini?

Si ya kuongeza risasi. Ni ya siku ile ya kwanza imekutoka. Imeanguka, imekwama, imeng'ang'aniwa na mtu, au mkono wako wa kulia umeumia na ile ya kwanza iko upande wa kulia. Mfano ambao polisi wengi wa Marekani wamefundishwa ni wa Miami, Aprili 11, 1986. Maafisa wanane wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, waliwakabili wanyang'anyi wawili wa benki. Magari yalipogongana, maafisa wawili walipoteza bastola zao kabla hata ya kupiga risasi moja. Mmoja wao, John Hanlon, alibaki na rivolva yake ya akiba, Smith & Wesson Model 36, .38 ya risasi tano. Alipigana kwa hiyo. Zikaisha. Akiwa anaijaza tena, akapigwa risasi ya mkono.

Somo lile lina pande mbili na watu hupenda kusoma upande mmoja. Bila ile Model 36 Hanlon asingekuwa na kitu. Lakini risasi tano ziliisha mapema, na kujaza rivolva chini ya moto ni balaa. Maafisa wawili walikufa siku ile, na mmoja wa wale wanyang'anyi alikuwa na bunduki ndefu. Baada ya hapo FBI ikaanza safari ya kuachana na rivolva kama silaha ya kazi.

Sasa angalieni: Model 36 ni kubwa kuliko hicho anachokitaka bwana wa Ngala. Ni gramu 550 hivi, imetoka mwaka 1950, na mpaka leo wakisema rivolva ya mfukoni wengi wanamaanisha jamii hiyo. Zile za .22 za vidole viwili ni ukoo mwingine kabisa, ukoo wa Deringer, vile vibastola vya kiganjani vya zamani. Booth alimuua Rais Lincoln wa Marekani mwaka 1865 kwa bastola ya risasi moja inayokaa kiganjani, lakini alisimama nyuma yake, karibu kabisa. Jack Ruby alimpiga Oswald, mshukiwa wa mauaji ya Rais Kennedy, mwaka 1963 kwa Colt Cobra, rivolva ya .38 ya mtutu mfupi, na picha mmeziona: mkono umenyooka, mdomo wa mtutu unakaribia kugusa sweta. Bastola ndogo zimeua watu wakubwa, sibishi. Tazameni tu zilikuwa umbali gani, na kwamba aliyepigwa hakuwa akipigana.

Wewe utakayejitetea uko katika hali ya kinyume. Mwenzio ndiye ameanza. Anakuja. Unahitaji asimame sasa hivi, si afe hospitali kesho.

Mtu_wa_Ngala

Mzee shikamoo, na asante. Hapo kwenye "asimame sasa hivi" umenigusa. Lakini nguo bado ni zile zile na joto ni lile lile. Ikiwa Model 36 ni nusu kilo, mfuko wa kaptula utanishuka mpaka magotini.

Bi_Mambrui

Marahaba zenu nyote. Nimesoma nikicheka kwa sababu nyote mnazungumza habari ya mfuko kana kwamba wanawake hatuna leseni.

Mimi ninayo ya jamii hiyo hiyo aliyoitaja mzee, .38 ya risasi tano, ila mwili wake ni wa aluminiamu na nyundo imefichwa ndani. Ni gramu 400 na kidogo. Si ya akiba, ndiyo yangu ya pekee. Nawaeleza ilivyo, kwa sababu picha za kwenye intaneti hazisemi.

Kwanza, triga. Nyundo iko ndani kwa hiyo hakuna kuivuta kwanza, kila risasi ni mvuto mrefu wa kidole, uzito wake kama kilo 5. Fikirieni: chombo cha gramu 400 unakivuta kwa nguvu ya kilo 5 na ukitaka kisitikisike. Ndipo ulengaji wote unapopotelea. Wiki za mwanzo risasi zangu zote zilikwenda chini kushoto. Kilichonisaidia ni mazoezi makavu nyumbani: silinda nimeifungua, nimetazama matundu yote matano, risasi ziko chumba kingine, nimeelekea ukuta wa mawe, navuta triga taratibu macho yako kwenye ile ncha ya mbele mpaka isicheze. Siku nyingine naweka shilingi juu ya mtutu. Ikianguka, naanza upya.

Pili, teke, yaani ule msukumo wa kurudi nyuma ukifyatua. Wanaume dukani watakwambia, "Mama, chukua nyepesi, ni ya wanawake." Uongo mtupu! Nyepesi ndiyo inayouma. Ile ngozi baina ya kidole gumba na cha shahada iliniota malengelenge. Nilibadilisha kitako nikaweka cha mpira kinachofunika chuma cha nyuma, ikawa afadhali. Ipo na nyepesi zaidi ya hii yangu, Smith & Wesson 340PD, ya gramu 320 hivi, tena inakubali .357 Magnum. Nilishikishwa mkononi mara moja uwanjani. Sirudii. Na kwenye hizo nyepesi mno teke linaweza kuzivuta risasi zilizobaki zitokeze kidogo nje ya maganda yake, silinda ikagoma kuzunguka. Rivolva iliyokwama huifungui kwa kuipiga kofi kama bastola ya magazini. Imekwama imekwama.

Tatu, na hili ndilo kubwa: mfuko ule uwe wa bastola peke yake. Si funguo, si sarafu, si kipakti cha karafuu. Ndani kuna ala ya ngozi inayofunika triga na inayobaki mfukoni ukivuta. Mimi nimeshonesha mfuko maalumu ndani ya mkoba, wenye zipu yake, na ule mkoba haushuki begani hata nikiwa msibani. Ukiuacha kitini ukaenda kusalimia watu, umempa silaha mtoto wa mtu.

Mita 5 naweka risasi zote tano ndani ya sahani ya pilau. Mita 10, nyingi. Kwa ile ya vidole viwili siamini.

Kaskazi_Mwanana

Bi Mambrui, sahani ya pilau ya mtu mmoja au ya sinia?

Bi_Mambrui

Ya mtu mmoja. Sinia ni yako wewe.

Nahodha_Shela

Aswalamu alaykum kutoka Amu, yaani Lamu. Nimesoma uzi huu tangu yana, nami nina neno moya la watu wa bahari.

Mwasahau chumvi. Huku kwetu kitu chochote cha chuma ni cha bahari kabla ya kuwa chako. Chuma kisichoshika kutu ni jina tu, kinachelewa kushika, basi. Na kwenye rivolva ndogo si mwili unaooza kwanza, ni vijiskrubu na springi za ndani usizoziona. Jasho la pajani ni chumvi vile vile. Mtu anaitia mfukoni asubuhi, jioni anaitoa anaiweka mezani, mwezi ukipita triga inakwaruza kama ina mchanga. Ina mchanga kweli!

Na .22 ina ubaya wake wa ziada. Kichwa cha risasi yake ni cha madini ya risasi tupu, kimepakwa nta kwa nje, kiko wazi kabisa, hakikufunikwa na ganda. Nta inashika vumbi, nyuzi za nguo, mchanga wa Shela. Ukiivunja ile ndogo baada ya kukaa nayo mfukoni msimu mmoja utakuta imevaa manyoya. Isitoshe, dawa yake ya kulipua haiko katikati kama ya .38, imemwagwa kwenye ukingo wa kitako cha ganda. Pakiwa na pengo mahali nyundo ilipogonga, hailipuki. Kwa kaliba zote zinazouzwa, hiyo ndiyo jamii inayogoma zaidi. Kwa rivolva utavuta nyundo tena na tundu jingine litakuja, sawa, lakini ulikuwa na tano na sasa una nne.

Dawa yetu: kila usiku ifute kwa kitambaa chenye mafuta ya bunduki kidogo, kidogo sana, maana mafuta yakizidi yanaingia kwenye risasi na yanashika uchafu. Risasi za kubebea zibadilishwe mara kwa mara, zile za zamani zikapigwe uwanjani. Ala ya ngozi usiiache na silaha ndani yake sandukuni, ngozi inavuta unyevu na ngozi nyingine zina chumvi za kiwandani. Mafuta ya nazi yaacheni kwa nywele.

Halafu wa Malindi mna tishio lenu, la mtu wa kukuvizia ukifunga duka. Huku bara ya Amu, tangu shambulio la Mpeketoni Juni 2014, watu wakisema tishio wanamaanisha kundi lenye bunduki za AK barabarani au vijijini. Kwa hilo rivolva ya risasi tano haina maana yoyote, iwe ya akiba au ya kwanza. Tunategemea msafara wenye ulinzi na askari wa akiba, na kutosafiri saa mbaya. Kisiwani penyewe, mji hauna magari, ndia ni nyembamba, watu wawili na punda mmoja wakikutana mmoja wao anarudi nyuma. Ukifyatua humo risasi inaishia kwa jirani.

Hesabu_Tupu

Nahodha umesema kweli kuhusu ile nta, na niongeze moja: zile ndogo za .22 huwezi kuzijaza haraka. Silinda haifunguki kwa kando. Unachomoa msumari wa katikati, unaitoa silinda yote mkononi, unasukuma maganda kwa ule ule msumari moja moja, unatia mpya, unairudisha. Ni kazi ya meza na mwanga. Kwa hiyo tano ni tano, na hapo biashara imefungwa.

Lakini kuna kitu kimoja watengenezaji walichokifikiria vizuri sana, niwape haki yao. Baina ya tundu na tundu kwenye silinda kuna vijishimo vya kupumzikia nyundo. Ukishajaza zote tano unaizungusha kidogo mpaka nyundo ikae ndani ya kijishimo, si juu ya risasi. Ikianguka haifyatuki. Ukiisahau hatua hiyo, ukaiacha nyundo imelalia ganda, umebeba ajali. Yeyote atakayekuuzia bila kukuonyesha hilo, toka kwenye duka lake.

Na usiwahi kuweka kidole cha mkono wa pili mbele karibu na silinda. Kwenye kila rivolva kuna mwanya baina ya silinda na mtutu, na gesi ya moto inapita hapo kwa ubavuni. Kwenye chombo kidogo kama hiki vidole vinajikuta huko vyenyewe.

Wakili_Jioni

Naona mmejadili chuma, nizungumze karatasi. Si ushauri wa kisheria, mwende kwa wakili wenu.

Kenya silaha ya raia iko chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na cheti kinatolewa kupitia Bodi ya Leseni za Silaha. Msingi wake ni kwamba uwe na sababu nzuri ya kuihitaji silaha hiyo. Mtu wa Ngala, tayari unayo moja. Ukienda kuomba ya pili utaulizwa ya pili ni ya nini, na "ile ya kwanza inanichubua kiunoni" sijui kama ni sababu utakayopenda kuiandika. Mnakumbuka Desemba 2018, serikali ilipowataka wenye leseni wote wakahakikiwe upya. Hali si ya mzaha tena. Ikiwa lengo lako ni kupata iliyo rahisi kubeba, mimi ningewauliza wenyewe kuhusu kubadilisha, si kuongeza.

Na silaha mbili ni wajibu mara mbili. Mbili za kufungia, mbili za kupotea. Kilichopotea ni kidogo kuliko simu, kinateleza kwenye kiti cha tuktuk, na wewe ndiye utakayekieleza kituoni.

Kuhusu matumizi: Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinasema nguvu ya kujitetea itapimwa kwa misingi ya sheria ya kawaida ya Uingereza. Maana yake hakimu atauliza kama kulikuwa na haja, na kama nguvu ililingana na hatari. Kaskazi amesema wengi wakiiona tu wanakimbia. Kaka, kutoa bastola kutishia mtu ili akimbie ni mlango wa kesi kwako pia. Haitolewi kwa maonyesho.

Kaskazi_Mwanana

Sikusema atishie watu. Nimesema inatosha kuwa nayo. Naona hapa kila mtu anataka mtu mwenye duka la vipuri abebe kama yuko vitani. Siku nyingi kitu hakitokei, na siku kinapotokea ni mlangoni, giza, mtu amekukaba. Hapo mita 7 ya nini? Umbali ni wa kukumbatiana. Ile ndogo inatosha kabisa.

MzeeSabaki

Kaskazi, hapo kwenye kukumbatiana umegusa penyewe, na ndipo rivolva inaposhinda. Bastola ya magazini ukiikandamiza kwenye mwili wa mtu, sehemu ya juu inaweza kurudi nyuma kidogo ikakataa kufyatuka. Rivolva haina habari hiyo. Ile ya Bi Mambrui yenye nyundo ya ndani inaweza hata kufyatuliwa mara zote tano ikiwa bado ndani ya mfuko wa koti, haina cha kunasa. Ya magazini ikipiga moja humo, ganda halina pa kutokea.

Lakini hiyo ndogo ya vidole viwili ina nyundo ya nje inayotaka kidole gumba kila mara. Mtu amekukaba shingo, mkono mmoja unamzuia, mwingine una jasho, na unatakiwa uvute nyundo, ufyatue, uvute nyundo, ufyatue. Nimeona watu wazima waliofunzwa wakishindwa kufungua kamba ya ala katika hali hiyo. Kwa hiyo faida yote ya rivolva kwa karibu umeitupa kwa sababu ya kupunguza gramu 280.

Bwana wa Ngala, kama ni akiba ya kweli, chukua .38 yenye nyundo ya ndani au uache kabisa. Na iwe inafikiwa na mkono wa kushoto, maana wa kulia ndio utakaokuwa umeshikwa.

Mtu_wa_Ngala

Nimewasikia. Na vipi zile bapa za magazini? Nimeona SIG P365 ya 2018, milimita 9, risasi kumi ndani yake, nusu kilo tu. Ningekula risasi zile zile za Ceska.

Hesabu_Tupu

Hiyo ndiyo iliyoharibu soko la rivolva za mfukoni huko Marekani kwenyewe. Kwa uzito ule ule wa Model 36 unapata mara mbili ya risasi, tena milimita 9, na triga nyepesi inayosamehe. Ila ukiangalia vizuri utaona hiyo si ya akiba tena. Hiyo inachukua nafasi ya Ceska. Rudi kwa Wakili, kubadilisha si kuongeza.

Rivolva inabaki na mambo mawili: kupiga ikiwa imekandamizwa mwilini mwa mtu, na kupiga ikiwa bado mfukoni. Mzee ameshayasema.

Pweza_Kavu

Mimi swali langu ni la mtaani. Bwana wa Ngala, pesa ya duka si inaingia kwa M-Pesa siku hizi? Unalinda nini, spaki plagi?

Mtu_wa_Ngala

Pweza, wavuvi wengi wananilipa taslimu jioni samaki wakishauzwa, na wengine wanalipa kwa samaki. Noti zikikaa kwangu mpaka usiku ni zangu na za watu. Lakini umenikumbusha jambo: nimeanza kufunga kabla ya magharibi na kijana wangu anapeleka pesa kwa wakala mchana. Shida imepungua nusu bila chuma chochote.

Wakili_Jioni

Andika hilo kwenye barua yako ya maombi. Au usiandike, wataona huhitaji.

Mtu_wa_Ngala

Basi nimeamua. Ya .22 naiacha. Nitauliza kuhusu kuibadilisha Ceska kwa kitu chembamba, na nikikataliwa nabaki na Ceska yangu, nitafute njia ya kuivaa. Bi Mambrui, hiyo ala yako ilishonwa wapi? Za dukani zote ni za nailoni zinazoshika jasho.

Bi_Mambrui

Fundi wa viatu, wapo wengi tu mjini wenye mkono mzuri wa ngozi. Mwambie ngozi ngumu, upande laini uwe ndani, mshono wa nyuzi zilizopakwa nta, na mdomo wa ala uwe mgumu usijikunje ukirudisha. Triga ifunikwe yote. Na usimpelekee bastola yenyewe kibandani, watoto wamejaa pale wanasubiri viatu vya shule. Chora umbo lake kwenye karatasi ngumu kwa penseli, pande zote mbili, uandike unene kwa milimita. Mwambie ni ya mashine ya kuchanjia.

Pweza_Kavu

Fundi wa viatu anajua. Wanajua kila kitu wale.

Bi_Mambrui

Alinichaji mia tatu zaidi. Alijua.